Upepo wa Nyuma ya Chumba cha Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba wifi amefaulu kukuzuia usibebe vitu vizito, maana nakujua: ukiambiwa upumzike ndipo unapokumbuka kabati la kuhamisha. Watoto nasikia wameota miguu hata viatu vya mwaka jana haviwaingii. Wabusu wote kwa niaba yangu, hasa yule mdogo anayekataa kuongea nami kwenye simu kwa sababu eti sauti yangu inafanana na ya mwalimu wake wa hesabu. Mwambie shangazi hana fimbo.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula, ingawa siku hizi sahani yake ni ya kudokoa tu, na goti lake la kushoto bado linamsumbua akiinuka. Mimi kazi zipo tele. Msimu wa joto umeingia na kila mtu amekumbuka ghafla kwamba ana kiyoyozi ambacho hakijaoshwa tangu siku kilipofungwa. Natoka asubuhi na mkoba wangu wa spana, narudi jioni nywele zimejaa vumbi la watu. Wateja bado wananifungulia mlango kisha wanachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Zamani nilikuwa nanuna. Sasa nawaambia fundi yuko njiani, niacheni nimwanzie, na wakija kugundua kwamba hakuna mwingine, hewa ya baridi inatoka na mimi nakunja waya zangu.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema neno bila mama kulisikia, na haya ninayotaka kukwambia si ya kunong'oneza nikiwa nimesimama barabarani huku pikipiki zinapita. Dereva wa lori la mbao, yule rafiki yako, amekubali kukuletea mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Uliniagiza jambo na sijalitimiza. Ulisema niishushe mashine ya nje ya kiyoyozi iliyofungwa nyuma ya chumba cha baba, niifungashe pamoja na ya ndani nimpe anayezihitaji, kisha nifungashe nguo za mama na kumleta aishi kwako. Ulisema jirani yetu mshonaji alikupigia simu akakueleza kwamba mama anashinda nyuma ya nyumba kwenye kigoda, anapigwa na upepo wa moto wa ile mashine, na kwamba amemsikia akiongea na ukuta. Alikwambia mama anaanza kuchanganyikiwa. Mara ya kwanza ulipoagiza nilisema nina kazi nyingi. Mara ya pili nikasema spana yangu kubwa nimemwazima mtu. Spana ninayo, kaka. Hainitoki mkononi, na unajua hivyo, ndiyo maana ulikasirika ukakata simu.

Sikulaumu kwa kutaka kumwondoa mama hapa. Mtu akisikia mama yake anaongea na ukuta, lazima roho imruke. Lakini wewe hukuwepo kuona jambo hili lilivyoanza, kwa hiyo nivumilie nilianzie mbali kidogo.

Unakumbuka baba alivyoanguka. Alikwenda kushusha mashine ya nje kwenye ghorofa, mwenzake akachelewa, na baba hakuwa mtu wa kumngoja mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuimbia tangu tukiwa wadogo kwamba mashine ya nje haishushwi na mtu mmoja, hata ikiwa imefungwa kimo cha kiuno, kwa sababu mzigo wake uko upande mmoja, kule kwenye kompresa, pampu ya gesi, na ukilegeza nati ya mwisho inakuvuta kabla hujajua. Siku ile akaivunja sheria yake mwenyewe. Ulikuja, ukakaa naye hospitalini, ukamwona akiwa bado anasema atatembea kabla ya msimu wa mvua. Kisha ukarudi kazini, nasi tukamleta nyumbani akiwa hasogezi kitu chini ya shingo.

Jambo ambalo daktari alitueleza siku ya kutoka, na ambalo sidhani kama uliwahi kulielewa vizuri, ni kwamba mwili wa baba ulikuwa umesahau kutoa jasho. Uti wa mgongo ukikatika pale juu, ngozi haipati tena habari kwamba kuna joto. Chumba kikichemka, naye anachemka. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na sisi tumesimama pembeni tunampepea kwa gazeti na kumkanda kwa vitambaa vya maji. Ndiyo maana ulipotuma kile kiyoyozi, mama alilipokea lile boksi kama mtu anayepokea mgonjwa aliyepona. Nilikifunga mimi mwenyewe, baba akinielekeza kutoka kitandani. Alinigombeza kwa kila tundu nililotoboa. Nilipomaliza aliuliza kama fundi aliyefunga kile kitu bado yuko hai, maana angependa kumwona akikamatwa. Ndivyo alivyokuwa akisifu.

Basi mashine ya nje ikakaa nyuma, chini ya dirisha lake, pale pale ambapo mama hufulia. Na hapo ndipo vita vilipoanza. Mama alilalamika kwamba tumemwekea tanuri mgongoni. Alisema kiyoyozi gani hiki kinachompoza mmoja na kumkaanga mwingine. Siku moja, kwa kulipiza kisasi au kwa kukosa kamba, akaitandika ile mashine shuka mbichi mbele na nyuma ili zikauke. Akaingia jikoni. Baba kule ndani alisikia feni imebadilika sauti, akajua imezibwa, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika jikoni. Joto halikuwa na pa kutokea, mashine ikajihami ikajizima, na mama alipokuja kumnywesha maji alimkuta uso umeiva na macho yamegeuka. Tulimpoza kwa maji mpaka akarudi. Mama alilia siku ile kwa namna ambayo sijawahi kumwona akilia, hata siku baba alipoanguka.

Baba alipopata nguvu aliniambia nimweleze mama mambo ya mashine, maana mtu asigombane na kitu asichokijua. Nikamweleza nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, yeye baba akinisahihisha. Nilimwambia kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kuhamisha joto. Ndani kuna koili, bomba lililokunjwakunjwa, ambamo gesi hupita ikiwa baridi sana, na hewa ya chumba ikipita hapo inaiachia joto lake. Gesi inalibeba lile joto kwenye bomba la shaba mpaka nje. Huko nje kompresa inaikamua gesi mpaka inakuwa moto kuliko hata jua la mchana, na hiyo ndiyo siri ya mashine yote, kwa sababu joto hukubali tu kutoka kwenye kilicho moto kwenda kwenye kisicho moto. Kisha feni inavuta hewa kutoka nyuma, inaipitisha kwenye vile vibati vyembamba vilivyoshikana na mabomba, na kuitupa mbele ikiwa imebeba kila kilichotolewa chumbani. Gesi ikishatua mzigo wake inapoa, inakuwa maji maji, inapita kwenye kijitundu chembamba, inakuwa baridi tena, inarudi ndani kuchukua mzigo mwingine. Ukiiziba ya nje, ya ndani haina ujanja.

Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akauliza kama ule upepo unaompiga kule nyuma, basi, ni joto la humu ndani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na la baba limo. Kabla sijajibu, baba akadakia kwamba limo, tena lote. Alisema tangu aanguke mikono yake haiwezi kumkumbatia mke wake, sasa amempata mtumishi wa kumpelekea joto mpaka mahali anapofulia, na mama badala ya kushukuru anamfunika shuka mtumishi wa watu. Tulicheka mpaka mama akajifuta macho kwa kiganja. Lakini mimi nilimwona baba baada ya kicheko kile. Alikuwa ameugeuza uso ukutani.

Kesho yake mama akahamisha kigoda chake. Zamani alikuwa anachambulia mchele kivulini, upande wa jikoni. Sasa akawa anachambulia pale nyuma, mbele ya mashine, upepo ukimpeperusha leso kichwani. Pale bomba linapopita ukutani kuna upenyo ambao sikuuziba sawasawa, na baba alipoligundua hilo, badala ya kunigombeza, alinikataza kuuziba. Walikuwa wanaongelea hapo. Mama alikuwa anasema leo umechemka, baba watoto, nani kakuudhi? Na baba anajibu kwamba ni wewe, uji wako ulikuwa na mabonge. Mama akawa mlinzi wa ile mashine kuliko mimi. Alifagia majani yasiivae, akafukuza kuku wa jirani wasilalie juu yake, na kila wiki akavisugua vile vibati kwa brashi laini niliyompa, kutoka juu kwenda chini kama nilivyomfundisha, asivipinde. Sikuwahi kuwaona wakiwa wapenzi kiasi kile walipokuwa na miguu minne ya kutembelea.

Kaka, mashine hiyo ndiyo unayotaka niishushe.

Mwisho wa baba unaujua. Kifua kilimbana, nimonia ikaingia, na asubuhi moja aliondoka, mama akiwa amemshikia kikombe mdomoni. Wewe ulikwama kwa ajili ya ruhusa ya kazi ukafika tumeshazika. Mbele yako mama alikuwa imara, alikufulia hata soksi zako, na ulipoondoka ulinishika bega ukasema mama ni chuma. Jambo ambalo hukuligundua katika msiba ule wote, na hata mimi sikuligundua mpaka wageni walipotawanyika, ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuzima kiyoyozi. Tulimtoa baba, tukafunga mlango, nacho kikaendelea kupoza kitanda kitupu. Nilichukua rimoti nikizime. Nikapita dirishani nikamwona mama kwenye kigoda chake, kiganja amekiinua mbele ya ule upepo kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Nikairudisha rimoti mezani.

Sasa nisikilize kifundi kidogo. Joto la mwili wa mtu mmoja ni dogo. Ni kama balbu moja ya zamani. Sehemu kubwa ya moto unaotoka pale nyuma ni wa jua lililokula ukuta na bati, na mwingine ni wa umeme unaoliwa na kompresa yenyewe. Baba alilijua hilo vizuri alipokuwa anatania, na mimi nililijua nilipomwacha atanie. Lakini chumba kikiwa hakina mtu, mlango haufunguliwi na pazia halisogezwi, kinapoa upesi. Kikishafikia baridi iliyowekwa kwenye rimoti, mashine ya nje inakata. Feni inasimama na upepo unakwisha. Mama akaanza kuligundua hilo. Jioni moja aliniuliza, akijifanya anatafuta ufunguo, kwa nini siku hizi inanyamaza muda mrefu. Nikainama kumsaidia kuutafuta. Akasema basi, labda naye anachoka. Hakuitaja mashine.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho fundi yeyote akikisikia atanivua mkoba wa spana. Nilianza kukipasha chumba joto ili kiyoyozi kifanye kazi. Kwanza nilifungua pazia jua liingie. Lilisaidia kidogo. Kisha nikawa nachemsha maji, naingiza ndoo chumbani mama akiwa nyuma, naiacha wazi katikati ya sakafu itoe mvuke. Mashine ilikuwa inaamka, nje upepo unarudi, nami nasimama pale nikiitazama ndoo na kujiona tapeli. Kumlipia mtu umeme wa kupoza maji uliyoyachemsha mwenyewe! Baba angecheka mpaka akohoe. Zaidi ya yote niliona aibu kwamba mama anainua kiganja chake kwa heshima ile yote mbele ya ndoo ya plastiki.

Kwa hiyo niliacha ndoo. Nikaona kama lazima pawe na udanganyifu, basi angalau joto litoke kwa mtu. Nikirudi kazini, jua likiwa bado halijashuka, naingia kwa mlango wa mbele, navua viatu vyangu vya kazi pale kizingitini nisichafue sakafu, naingia chumbani kwa baba kimya kimya na kufunga mlango. Nalala kitandani kwake, upande wa ukutani, kichwa karibu na lile bomba. Jirani yetu, ambaye hana kazi ila kushona na kuchungulia, alimwona mama tu. Mimi hakuniona, ndiyo maana habari uliyoletewa ilikuwa nusu.

Nilijiambia nalala pale kwa ajili ya mama. Ukweli ni kwamba ile siku ya kwanza nililala nikalia mpaka mto ukalowa, nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu tumzike. Katika nyumba nzima ni pale tu ninapoweza kulia. Jikoni siwezi, mama yupo. Kazini siwezi, tayari wananitazama kama mtu aliyekosea mlango. Pale kitandani, mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta, hakuna anayenisikia. Nimefanya hivyo karibu kila siku. Kule nje namsikia mama, sauti bila maneno, kwa sababu kompresa inayafunika.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Juzi nilirudi nimechoka kuliko kawaida. Nilikuwa nimelala pale, machozi yameshakauka, usingizi unaanza kuninyemelea, mashine ikakata. Unajua ule ukimya unaokuja kompresa ikizima ghafla, mpaka masikio yanakuuma? Katika ukimya ule sauti ya mama ikapita kwenye ule upenyo wa bomba, wazi kabisa, kama ameinama sikioni mwangu. Alikuwa anazungumza na baba. Alikuwa anamwambia: mtoto wako yumo humo ndani tena.

Alisema viatu vyake viko mlangoni, huyu mtoto tangu zamani akijificha husahau viatu. Akasema: anadhani mimi sijui. Namwacha. Akilala hapo analia kwanza, kisha analala, na akiamka uso wake unakuwa umepungua uzito, anakula. Mimi nakaa hapa nimlinde, na yule mshonaji akija na maneno yake namfukuza asije akamwamsha. Kisha nikasikia mchele unapigwa kwenye ungo. Halafu akasema, baba watoto, usinione mjinga. Joto hili najua si lako. Lako lilikwisha siku ile ile, nililisikia likiisha hapa mkononi. Hili ni la mtoto. Hajanikumbatia tangu tukuzike, na mimi sijui nianzie wapi kumkumbatia, kwa hiyo nachukua hili.

Mashine ikawaka tena, sikusikia zaidi.

Kaka, ningepaswa kuinuka. Mtu mwenye akili angeruka kitandani, angezunguka nyumba bila viatu, angepiga magoti pale kwenye maganda na chuya za mchele na kumlalia mama mapajani. Mlango ni hatua chache tu. Mimi nilibaki palepale. Nilijikunja nikavuta shuka la baba mpaka kidevuni, nikalala kimya ili mama asijue kwamba nimejua, na nikaacha mwili wangu utoe joto lake, umpelekee. Jioni tulikula pamoja. Aliniuliza kazi ilikuwaje, nikamwambia kuhusu mteja aliyefuga njiwa juu ya mashine yake. Akacheka. Nikaosha vyombo. Na jana nikaingia tena chumbani, nikaviacha viatu mlangoni, safari hii kwa makusudi, nimevielekeza upande ambao ataviona.

Kwa hiyo mama hajachanganyikiwa. Akili zake ziko sawa kuliko zangu na zako tukizichanganya. Ukimchukua sasa, utamtoa mbele ya kitu kimoja alichobaki nacho, na mimi utaniacha nalia kwenye chumba ambacho nyuma yake hakuna mtu. Hiyo ndiyo sababu mashine iko ukutani mpaka leo. Sina nyingine, na hadithi ya spana unisamehe.

Lakini sisemi ikae pale milele. Naona aibu, mtu mzima mimi, kumkumbatia mama yangu kwa bomba la shaba. Najua itabidi ishuke. Ila mimi peke yangu siishushi. Nimeshaisogelea, nimeshaweka spana kwenye nati ya kwanza asubuhi moja mama akiwa sokoni, na mkono ukagoma. Sheria ya baba unaikumbuka, na unakumbuka ilimpata nini siku alipoivunja.

Njoo, kaka. Usitume mtu, usipige simu. Omba ruhusa, na wakikunyima safari hii, njoo bila ruhusa. Utashika upande wa kompresa kwa sababu ndio mzito, ule mgongo wako utajua wenyewe, na mimi nitashika mwingine. Mama atatugombeza kwamba tunaivunjia vibati vyake alivyovisugua.

Ila kabla hatujalegeza nati hata moja, nakuomba jambo. Ukifika usipitie nyuma. Pita mlango wa mbele, vua viatu vyako pale kizingitini, uviache mahali mama atakapoviona. Ingia chumbani kwa baba, funga mlango, lala upande wa ukutani. Ukitaka kulia, lia, hakuna atakayekusikia. Hukumlilia baba mbele yetu, na sidhani kama umemlilia popote. Mimi sitakuwa humo ndani. Nitakuwa nyuma, nimeketi chini karibu na kigoda cha mama, bega langu limegusa lake, na upepo ukianza kutoka nitamwacha yeye aseme ni wa nani.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichonipa nimekishonesha na kinanikaa vizuri, jirani ameshona yeye mwenyewe, maana pamoja na mdomo wake mkono wake hauna mfano. Watoto waambie bibi yao anawawekea karanga kwenye kopo na anaanza kuzila mwenyewe wakichelewa. Mama anakusalimu. Hajui kwamba nakuandikia, ingawa kwa jinsi ninavyoanza kumjua, huenda sasa hivi yuko kule nyuma anamweleza baba kila nilichoandika.

Nikukute salama, au wewe unikute.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa nyumba hii, na fundi wake.